Mpini wa Kisu cha Kwanza: Vidokezo kwa Fundi Anayeanza Uvira

Fundi kijana anayejifunza kufua visu humalizia nguvu zake kwenye chuma. Atasaka springi ya gari, ataifua, ataichovya, atainoa mpaka inyoe nywele za mkono. Mpini anaukumbuka jioni, mteja akiwa tayari anasubiri mlangoni, na hapo kijiti chochote kilicho karibu kinafaa. Visu vya namna hiyo hurudishwa kwa fundi vikiwa na makali mazuri na mpini unaocheza.

Mteja hashiki chuma, anashika mpini. Na kwenye mwambao huu, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, na kushuka Makobola na Mboko mpaka Baraka, mkono unaoshika kisu mara nyingi umelowa: maji ya ziwa, ute wa samaki, mawese, udongo wa shamba. Vidokezo hivi ni kwa ajili ya mkono huo.

1. Mjue atakayekishika kabla ya kutafuta mti

Kisu cha kupasulia samaki kama mikebuka si kisu cha mchinjaji wa ng'ombe, na panga la mkata miwa wa Kiliba ni jambo jingine kabisa. Mama anayetengeneza samaki ufukweni hushika kisu saa nyingi bila kukitua. Kila baada ya samaki wachache anakitumbukiza kwenye beseni, anakikung'uta, anaendelea. Mpini uliong'arishwa mno unamponyoka. Mpini wa duara kamili unamzungukia kiganjani, naye analazimika kutazama kila mara makali yameelekea wapi. Mpe umbo la yai, lililonenepa kidogo katikati na kufanya kisigino kidogo mwishoni ili kidole cha mwisho kipate pa kujizuia.

Vipimo vya kuanzia: urefu sentimita 11 hadi 12, unene sentimita 2 hadi 2.5. Kama mteja yupo, bana vidole vyake vinne, pima upana wake, kisha ongeza upana wa kidole kimoja. Na msasa usimame kwenye namba 220. Kwa kisu cha majini, ulaini unaozidi hapo ni hasara.

2. Ukavu kwanza, jina la mti baadaye

Ukisahau vidokezo vyote, shika hiki. Mafundi wanabishana kama mpera ni bora kuliko mvule, huku wote wawili wanatumia mti mbichi. Mti uliokatwa juzi umejaa maji. Ukiufanya mpini leo, utasinyaa ukiwa umeshafungwa kwenye chuma, na chuma hakisinyai. Vibao vinapungua upana, ukingo wa chuma unajitokeza pembeni na kukwaruza kiganja, ribiti zinalegea, halafu ufa unafunguka kuanzia kwenye tundu la ribiti. Mbao husinyaa kwenye upana na unene, urefuni karibu haibadiliki. Kwa hiyo pasua kila kipande kikiwa na nyongeza upande kwa upande.

Fanya hivi. Kata vipande vya sentimita 4 kwa 4 kwa 15. Paka ncha zote mbili rangi ya mafuta au nta ya mshumaa, kwa sababu maji hutokea nchani kwa kasi kuliko ubavuni, na ndiko nyufa zinakoanzia. Andika tarehe kwa penseli. Vipange kivulini penye upepo, vikiachana. Usiviweke juu ya bati: jua la Uvira litakausha ngozi ya mbao huku tumbo bado bichi, na kipande kitapasuka usiku ukisikia. Darini juu ya jiko la kuni panafaa, mradi moshi uwe wa mbali na joto liwe la polepole.

Kila wiki pima uzito kwenye mizani ya muuza unga na uandike namba kwenye kipande chenyewe. Wiki ya kwanza uzito utashuka sana, ya pili kidogo, ya tatu kidogo zaidi. Uzito ukisimama palepale kwa wiki tatu mfululizo, mbao imekauka kwa kadiri hewa ya hapa inavyoruhusu. Kiangazi, Juni hadi Agosti, ndio msimu wake. Mti mgumu uliokatwa wakati wa mvua unaweza kuchukua miezi mingi. Anza kukausha sasa, hata kama hujafua bapa hata moja.

Mwenye haraka atafute mbao zilizokwisha kukaushwa na miaka: mguu wa kiti kilichovunjika, fremu ya mlango wa zamani, mpini wa jembe uliokatika kati. Ila mbao iliyowahi kukaa majini wakati ziwa lilipopanda ichome kwanza kwa ncha ya msumari. Msumari ukizama bila kubisha, mbao hiyo ni ya kupikia.

3. Miti ya uani inatosha

Mpera ndio mwalimu wa kwanza. Mbao yake ni ngumu, nyuzi zake zimebanana, haichaniki ovyo chini ya tupa, na watu wa nchi nyingi wameutumia kwa mipini ya zana. Shina lake si nene, lakini mpini hauhitaji gogo. Mwenye mpera akipogoa, kuwa karibu.

Mti wa kahawa nao unastahili heshima kuliko inayopewa. Wakulima wa milimani wanapong'oa mikahawa iliyozeeka, mashina huishia jikoni. Ndani ni mbao nzito, ya rangi ya maziwa inayoelekea manjano, na inapokea umbo vizuri sana. Tahadhari ni moja: hupenda kupasuka ikikaushwa haraka. Mlimau na mchungwa ni wa familia moja kwa tabia, migumu, ya manjano, yenye harufu nzuri wakati wa kupiga msasa.

Mwembe ni mzuri kwa macho, hasa ule uliopata michirizi ya kijivu na nyeusi baada ya kukaa chini. Michirizi hiyo ni kazi ya kuvu, na mbao ya mwembe ni laini kuliko ya mpera. Utumie kwa kisu cha mezani au cha zawadi, usiupeleke kwa wapasua samaki wa Kalundu.

Mkaratusi unapatikana kila kilima, na mipini ya majembe hutoka humo. Kwa kisu unasumbua: unajipinda, unapasuka, nyuzi zake zinapishana. Ukikuta kipande cha zamani kilichonyooka na kunyamaza, kitumie.

4. Fanya urafiki na seremala

Chini ya meza ya kila seremala wa Mulongwe kuna mfuko wa vipande anavyompa mtu wa kuni. Ndani yake kuna mipini yako ya mwaka mzima. Tafuta mvule: una mafuta yake ya asili, unavumilia maji, wadudu hawaupendi. Tafuta pia mbao nyekundu inayouzwa kwa jina la libuyu, ambayo ni nyepesi kidogo na inakatika vizuri. Kipande kikiwa na nyuzi zilizonyooka kutoka ncha hadi ncha, chukua. Kikiwa na fundo katikati, mwachie mwenye jiko, kwani pale penye fundo ndipo mpini utakapovunjikia.

Ukipata mninga au mukula, jua umeshika mbao yenye macho mengi juu yake. Miti yote ya kundi hilo barani Afrika iliingizwa mwaka 2022 kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mukula wenyewe ulitangulia mwaka 2019. Kipande cha mabaki kwa mteja wa mtaani hakimsumbui mtu. Lakini mgeni akikuagiza visu 50 vya mukula avipeleke Ulaya, aulize mapema kama vinahitaji karatasi za kibali, kuliko kujua uwanja wa ndege. Mpingo uko kwenye orodha hiyohiyo pamoja na karibu ndugu zake wote tangu Januari 2017. Kuutambua ni rahisi: tupa kipande cha kiini chake kwenye ndoo ya maji, kitazama.

5. Vumbi halina huruma

Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. La mpingo hali kadhalika. La mfupa na la pembe usilivute hata kidogo. Funga pua na mdomo kwa barakoa inayobana vizuri, piga msasa nje upepo ukikupiga mgongoni, nawa mikono kabla ya kumbeba mtoto. Na ule mnyara unaopandwa ua usiuguse kabisa kwa kazi hii: maziwa yake yakiruka jichoni yanaweza kupofusha, na mbao yenyewe haina faida.

6. Pembe ya ng'ombe: uzuri unaodai subira

Hapa ziwani tuna bahati ambayo mafundi wa mbali wanailipia ghali. Ng'ombe wa pembe ndefu wanaoshuka kutoka nyanda za juu za Itombwe na wale wa bonde la Ruzizi hubeba kichwani malighafi inayouzwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya mipini ya visu. Kwetu mara nyingi huachwa machinjioni, ikiwanukia mbwa.

Pembe ina sehemu mbili. Chini ni ganda lenye uwazi, ndani yake kuna mfupa. Juu, kuelekea ncha, ni nzito na imejaa. Fundi anayeanza aanze na ncha. Iloweke pembe nzima kwenye maji kwa wiki mbili hivi mpaka mfupa wa ndani uachie, uuvute, ioshe kwa sabuni, iache ikauke kivulini. Kisha kata sehemu iliyojaa, toboa tundu la kuingiza mkia wa kisu, na una mpini ambao tayari umepinda kufuata kiganja.

Ukishazoea, jaribu ganda. Lipasue kwa urefu, lichemshe mpaka lilainike, lishike kwa koleo na ulibane haraka kati ya vyuma viwili bapa kwenye jiliwa. Liache lipoe humohumo, hata usiku kucha. Ukilitoa likiwa bado na joto litarudi kujikunja mbele ya macho yako. Baada ya hapo lipige tupa polepole. Tupa ikienda kasi utasikia harufu ya nywele zinazoungua. Hiyo ni pembe inakuambia upunguze mkono. Chini ya ile ngozi ya kijivu iliyochakaa rangi inaanza kutoka: maziwa, kahawia, mstari mweusi, mahali pengine mwanga unapita kabisa. Hakuna pembe mbili zinazofanana, hata za ng'ombe mmoja.

Sasa neno la ukweli. Pembe hunywa maji, hupinda, na tabaka zake huachana ikilowa na kukauka kila siku. Usimwuzie muuza samaki. Muuzie mchungaji, mzee wa mahari, mtu anayetaka kisu cha kiunoni au cha sebuleni.

7. Mfupa ni wa nidhamu

Chukua mfupa wa mguu wa ng'ombe, sehemu iliyonyooka na nene. Toa uboho wote, chemsha kwa moto mdogo na sabuni ya unga, badilisha maji, rudia mpaka maji yasiwe na jicho la mafuta juu. Mafuta yakibaki, mpini utageuka manjano na gundi haitashika. Usiuchemshe kwa moto mkali kwa saa nyingi, utakuwa mkavu wa kukatika. Kaushia kivulini. Mpini wa mfupa ni mweupe, baridi, mzuri, na unateleza ukilowa. Uchore mistari ya kuvukana kwa tupa ndogo ili kidole kishike.

8. Kuna vitu havinunuliwi hata vikiletwa mlangoni

Siku moja mtu atakuja na kitu kimefungwa kwenye gazeti: kipande cha jino la tembo, au jino la kiboko kutoka mdomo wa Ruzizi. Atasema ni cha babu yake. Mwambie arudi nacho.

Ziwa hili linaijua biashara hiyo. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walikuta ndicho kituo cha mwisho kaskazini ambacho wafanyabiashara wa Ujiji waliruhusiwa kufika, na bidhaa zilizowavuta huko zilikuwa pembe za ndovu na watu. Huko Uele, kaskazini-mashariki ya nchi yetu, mafundi wa Kimangbetu walichonga mipini ya visu kwa pembe hizo, kazi ya kupendeza inayoonekana leo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Lakini tembo wa wakati huo hawapo tena, na biashara ya kimataifa ya pembe zao ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa CITES mwaka 1989. Sheria ya Kongo ya Februari 2014 kuhusu hifadhi ya maumbile nayo haichezi na mtu anayekutwa na sehemu za mnyama anayelindwa.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha kifaru. Yemeni, jambia la heshima lilikuwa na mpini wa pembe ya kifaru, na miaka ya 1970, fedha za mafuta zilipoanza kuingia mifukoni mwa vijana waliofanya kazi nchi jirani, kila kijana alilitaka. Yemeni ilipiga marufuku uingizaji wa pembe hizo mwaka 1982, kwa kuchelewa. Vifaru weupe wa kaskazini, waliokuwa na makazi yao Garamba, hapa hapa Kongo, walikuwa wamebaki wachache mno: kama 15 tu Garamba mwaka 1984. Walilindwa, wakaongezeka kidogo, kisha vita na majangili vikawamaliza. Dume la mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018 katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Wamebaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu. Mipini ya visu haikuwa sababu pekee, lakini imo. Fundi ana sehemu yake katika kuamua mnyama gani abaki duniani.

Na kama unataka mfano wa utukufu bila pembe, tazama ikul ya Wakuba wa Kasai. Ni kisu cha kiunoni, chenye bapa pana la umbo la jani, na mpini wake ni wa mbao tu, wenye kitovu cha mviringo mwishoni, mara nyingine umepambwa kwa shaba. Simulizi zao husema mfalme Shyaam, karne ya 17, ndiye aliyekileta baada ya kukataza kisu cha kurusha. Kilivaliwa na watu wenye cheo. Mbao ilitosha.

9. Kitenge kinaweza kuwa mpini

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu mafundi cherehani wa Uvira wanatupa malighafi kila jioni. Ukipanga tabaka za kitambaa cha pamba, ukazilowesha rezini na kuzibana, zinakuwa kitu kigumu kisichooza, kisichovimba, kisichojali maji. Kampuni ya George Westinghouse, Marekani, ilianza kutengeneza kitu hicho mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya vifaa vya umeme, ikakiita Micarta. Leo ni miongoni mwa mipini inayotafutwa sana duniani, na unaweza kuitengeneza uani.

Osha vipande vya kitenge kwa maji moto na sabuni mpaka wanga wa kiwandani utoke, kisha vikauke kabisa. Kata vipande vya sentimita 5 kwa 14. Kibao chenye unene wa milimita 8 kinataka tabaka kama 30, kutegemea uzito wa kitambaa, na kisu kimoja kinataka vibao viwili. Nunua rezini ya epoksi yenye kopo lake la kigumu; ulizia maduka ya vifaa vya ujenzi, hapa au ng'ambo Bujumbura. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, usikisie. Changanya kidogokidogo: kwa joto la Uvira, kikombe kilichojaa rezini kinaweza kuchemka chenyewe na kutoa moshi. Vaa glavu, fanyia nje, watoto wakae mbali.

Pakaza kila kipande pande zote mbili, panga kimoja juu ya kingine, funga kwenye nailoni, bana katikati ya mbao mbili kwa nguvu zako zote, acha mpaka kesho yake. Ukifungua utaona kitu cha ajabu kidogo, tofali la rangi lisilovutia. Lichonge. Kila tupa inapokata mshazari, tabaka zinafunguka, mistari ya bluu na njano na nyekundu inapinda kufuata umbo la mpini. Ukitumia kitenge cha mama aliyekuagiza kisu, atakitambua.

Kwa kisu cha samaki sijaona mpini bora kuliko huu. Ukilowa, uso wake wa msasa namba 220 unashika zaidi.

10. Plastiki, mpira na uzi wa nyavu

Taka za plastiki zinazosukumwa na maji ya Ziwa Kivu husumbua mitambo ya bwawa la Ruzizi, na umeme wetu unatoka kwenye mto huohuo. Kwa hiyo kila bidoni lililochakaa likiwa mpini, ni heri. Kata plastiki ya bidoni vipande vidogo, iyeyushe kwa moto mdogo kwenye sufuria ambayo haitarudi kwenye chakula, ikandamize kwenye kisanduku cha mbao. Ikianza kutoa moshi umezidisha moto. Gundi haishiki kwenye plastiki hii, kwa hiyo tegemea ribiti. Na bomba la maji la plastiki ya PVC usiliyeyushe kamwe. Gesi yake inachoma mapafu.

Ukanda wa tyubu ya baiskeli, upana sentimita 2, ukizungushwa huku umevutwa kwa nguvu, ni mpini kamili wa panga. Uzi wa nailoni wa nyavu nao unashika vizuri, ila kwenye kisu cha samaki hujaa ute na harufu katikati ya mizunguko. Uweke kwenye visu vya shamba.

11. Usiuue mpini kwa msumari

Msumari wa kawaida hushika kutu, kutu inavimba, mbao inapasuka. Ribiti iwe ya shaba: fimbo ya shaba ya kulehemu kipenyo cha milimita 3 au 4 inatosha visu vingi. Shaba nyekundu pia inafaa, lakini ukiletewa waya mnene wa umeme na mtu asiyejieleza, kataa. Kuna mtaa umelala gizani kwa ajili yake. Kataa vilevile maganda ya risasi. Si kila lililookotwa limekwisha kulia.

Mkia bapa unaofika mwisho wa mpini ndio wa kuanzia, kwa sababu kosa lolote unaliona. Kwaruza chuma kwa tupa, kipanguse kwa spiriti, paka gundi ya mirija miwili, ingiza ribiti, gonga polepole. Usibane mpaka gundi yote itoke nje.

Wazee wetu wahunzi walichoma: mkia mwembamba ukapashwa moto mpaka uwe mwekundu, ukasukumwa ndani ya mti. Ni njia nzuri bado. Funga bapa kwa kitambaa kibichi ili makali yasipoteze ugumu, choma kwa awamu, kisha toa mkaa wote uliobaki ndani ya tundu kabla ya kulijaza gundi. Mkaa ukiachwa, maji ya kwanza yatakayoingia yatautafuna na kisu kitaanza kucheza.

12. Mawese ni ya sombe

Mpini wa mbao hutaka mafuta, na kwa kuwa mawese yapo kila nyumba, mkono unakimbilia hapo. Mawese hayakauki. Yanabaki kunata, yananukia, yanavuta sisimizi. Mafuta ya karanga ni hivyohivyo. Unachotaka ni mafuta yanayogeuka ngozi ngumu yakipigwa na hewa, na ya kitani ndiyo yanayojulikana zaidi. Huuzwa penye rangi. Paka kidogo, subiri dakika 20, futa yote yaliyobaki juu, acha siku moja au zaidi, rudia mara tatu au nne. Malizia na nta ya nyuki uliyoipasha moto mkononi.

Kitambaa ulichofutia mafuta ya kitani usikikunje na kukitupa pembeni. Kikikauka kikiwa kimekunjwa hujitia joto chenyewe na kinaweza kuwaka. Kianike juu ya jiwe mpaka kikakamae, au kiloweke kwenye maji.

13. Tengeneza mitatu, uipeleke ufukweni

Fua visu vitatu vyenye bapa la namna moja: kimoja mpini wa mpera, kimoja wa mvule, kimoja wa kitenge. Wape akina mama watatu wanaotengeneza samaki mahali pamoja, kwa mkopo, bila maelezo mengi. Rudi baada ya mwezi wa mvua. Usiwaulize kama wamevipenda, maana kwa heshima watakuambia ndiyo. Angalia vyenyewe. Pitisha ukucha kwenye mpaka wa mbao na chuma: ukikwama, mbao imesinyaa, rudi kwenye kidokezo cha 2. Tikisa kisu karibu na sikio. Tazama rangi imefifia wapi, hapo ndipo kiganja kinapokaa kweli, na mara nyingi ni mbele kuliko ulivyopanga. Na ukikuta mama amezungusha ukanda wa tyubu juu ya mpini wako, ufungue kwa ruhusa yake, pima unene wa mpini pamoja na ule mpira, na mpini unaofuata uuchonge kwa kipimo hicho.